Miche ya nyanya inakatika shingo ndani ya nyumba, nakosea wapi wakuu?

korosho_mbichi (Mtwara mjini)

Habari za humu wakuu. Niko Chikongola, naomba msaada kabla sijatupa matrei yote jalalani.

Iko hivi, mwaka jana nilisia nyanya uani kwenye tuta dogo, kuku wa jirani wakala nusu, konokono wakamalizia, na kilichobaki mvua ya usiku mmoja ikakifukia na mchanga. Mwaka huu nikasema hapana, kitalu nakiweka ndani. Kuna chumba cha stoo, dirisha moja, bati bila dari, nimepanga meza mbili na trei nne za matundu 200, mbili nyanya, moja hoho, na ya nne nimechanganya papai na bilinganya. Udongo nimechanganya mwenyewe, mchanga wa bondeni, samadi ya mbuzi na makumbi ya nazi niliyoyatwanga. Nikaangalia video za wazungu wanasema miche inataka unyevu, ufunike na plastiki safi, upulizie maji asubuhi na jioni, chumba kiwe na joto. Nikafanya hivohivo, tena nikazidisha, dirisha nikafunga na chini ya mlango nikaziba na tambara ili unyevu usitoke.

Nyanya zikaota siku ya tano vizuri mpaka nikapiga picha nikamtumia mke wangu, yuko kwao Tandahimba. Siku ya nane asubuhi nafunua plastiki, matone yananing'inia kwa ndani kama mfuniko wa sufuria ya wali, na harufu flani ya tambara la kudekia lililolala kwenye ndoo. Miche kama thelathini upande wa ukutani imelala. Majani bado mabichi kabisa, ila pale shina linapotokea kwenye udongo pamebana, pembamba kama uzi wa kushonea na rangi ya kahawia. Nikajua kiu, nikaongeza maji. Kesho yake ile trei nzima imekwisha na ya pili imeanza. Kwenye hoho nako juu ya udongo kuna utando mweupe kama wa buibui.

Ni mdudu, ni mbegu mbovu au ni samadi? Na nina salfa ya korosho imebaki nusu mfuko, naweza kuinyunyiza?

---

nahodha_mstaafu

Umeipalia moto hiyo miche mwanangu, sasa subiri iive upakue.

Pole lakini, wakubwa wanakuja.

---

MamaMiche_Lindi

Pole mwanangu. Mi nauza miche hapa Lindi mwaka wa tisa sasa, na mwaka wa kwanza nilizika trei sita kwa staili hiyohiyo, nililia kabisa.

Hicho ni kinyausi, ugonjwa wa kuoza shingo ya mche mchanga. Ukishaona shingo imebana usawa wa udongo na majani bado ya kijani usitafute jina lingine. Mche wenye kiu unaanza kusinyaa majani kwanza, shina linabaki zima, ukiupa maji jioni unakuta umesimama. Wa kinyausi unaanguka mzimamzima kama mtu aliyepigwa mtama. Na wewe ulipouongezea maji ndo ukamfungulia mwizi mlango wa uani.

Sasa ulipokosea, na sio wewe peke yako, kila mwezi napigiwa simu ya hivi. Hizo video wanatengeneza watu wa nchi za baridi, huko miezi ya baridi wanawasha hita ndani ya nyumba, hewa ya chumbani inakauka mpaka midomo inapasuka, kwa hiyo wanahangaika kuutafuta unyevu ndo maana wanafunika na kupuliza. Sisi huku pwani mwezi wa pili chumvi kwenye kikopo inageuka uji, shati ukilianika jioni asubuhi bado bichi, viatu vya kabatini vinaota ukungu, unyevu gani tena unautafuta? Wao wanauita, sisi kazi yetu kuutoa.

Plastiki ina kazi moja tu, mbegu isikauke kabla haijapasuka. Ukiona vichwa vinatoka, sio lazima vyote, hata nusu tu, plastiki inatoka siku hiyohiyo, haingoji kesho. Mi siku hizi hata plastiki situmii, naloweka gazeti natandika juu ya trei siku tatu nne, kila asubuhi nachungulia, nikiona kichwa kimoja gazeti natoa. Na ukizembea na gazeti nalo mizizi inajishika humo, ukivuta unang'oa.

Za sasa hivi fanya hivi. Trei iliyokwisha itoe nje ya chumba, usiionee huruma, miche iliyolala haifufuki na ile michache iliyosimama katikati yake usiipeleke shamba. Udongo wake umwage mbali na unapochanganyia. Ile ya pili, toa matundu yenye wagonjwa pamoja na majirani zao wa pande zote, fungua dirisha, toa hilo tambara mlangoni (nimecheka hapo, samahani), na usiguse maji mpaka udongo wa juu ubadilike rangi uwe mweupemweupe. Juu pakavu, chini kuna maji bado, ndo inavotakiwa.

Halafu nijibu, hayo makumbi umeyatoa wapi?

---

piga_dawa_tu

Mnazunguka sana wakuu. Aende duka la pembejeo achukue dawa ya ukungu yenye metalaxyl na mancozeb apulizie, kwisha habari.

---

bwanashamba_mstaafu (Masasi)

Kijana wangu, mama wa Lindi amekujibu vizuri, naongezea kidogo maana umeuliza salfa.

Salfa iache. Ile tunayopuliza kwenye mikorosho ni ya ubwiriunga, ugonjwa unaokaa juu ya jani na juu ya ua, unapenda ubaridi wa mwezi wa sita na wa saba. Kinyausi kinatokea udongoni, na anayekileta sio mmoja, ni genge la vimelea. Wanaotajwa sana ni Pythium, Rhizoctonia na Fusarium. Pythium hata sio ukungu kama ukungu mwingine, vimbegu vyake vina mkia na vinaogelea, vinahitaji utando wa maji ili visafiri kutoka mche huu kwenda ule. Trei iliyoloa masaa 24 kwao ni bahari, wanakwenda wanakotaka. Ukiacha juu pakauke kidogo umewakatia barabara. Rhizoctonia yeye hutambaa kama nyuzi, na huo utando kwenye hoho inawezekana ndo yeye, au ni ukungu tu wa samadi isiyoiva, vyovyote ujumbe ni uleule kwamba hapo juu hapakauki. Sasa salfa haimfuati Pythium udongoni, na joto la chini ya bati itakuunguzia majani ya ile iliyobaki.

Kwa huyu wa piga dawa, sikatai, dawa ipo na inasaidia ukiwahi. Ila metalaxyl inamgusa Pythium, Rhizoctonia inamwacha kama alivyo. Na usome lebo, kipimo cha kitalu sio kile cha shambani, na usiipulizie ndani ya nyumba mnayolala na kupika, trei zitoke nje kwanza. Ukipiga dawa halafu ukarudisha plastiki na tambara, wiki ijayo utarudi humu na picha ileile.

Suala la hewa watu hawalielewi, wanadhani feni ni ya kupoza. Jani linatoa maji kwa vitundu vidogo, ile hewa iliyogusana nalo inajaa mvuke, na kama haisogei basi mche umejifunika blanketi lake wenyewe. Maji hayapandi tena vizuri kutoka kwenye mizizi, na kalsiamu inayopanda pamoja na maji haifiki ya kutosha kwenye majani machanga. Upepo mdogo unavua lile blanketi na kukausha uso wa udongo. Na kuna faida ya tatu, shina linalotikiswa linajengeka fupi na nene. Mche uliolelewa bila upepo ukiupeleka shamba, kaskazi ya siku moja tu inaulaza.

---

korosho_mbichi

Ahsanteni sana, mzee wangu na mama yangu. Plastiki nimetoa, tambara nimetoa (mnanicheka sawa tu), trei ya kwanza nimemwaga huko nyuma ya choo. Leo kwenye ile ya pili imelala mingine kumi na moja tu, jana ilikuwa hamsini na kitu.

Makumbi niliokota Mikindani pwani pale, yamerundikwa mengi, yalikuwa laini tayari nikaona bahati.

---

MamaMiche_Lindi

Nilijua tu!! Mwanangu yale ya pwani yalikuwa yamefukiwa kwenye matope ya bahari yalainike watu watoe usumba wa kusokotea kamba. Ni chumvi tupu hiyo. Onja maji yake uone. Mche mchanga ukikaa kwenye chumvi ncha za majani zinaungua na mzizi unadhoofika, kinyausi kinapenda sana mzizi dhaifu.

Tumia makumbi makavu ya nazi za kufulia nyumbani, yaani za kula, yatwange, loweka kwenye pipa usiku kucha, mwaga maji, rudia mara tatu mpaka maji yatoke yasiwe na rangi ya chai. Mi huwa naonja, sioni aibu. Hata hayo makavu kwa sababu minazi yetu iko pwani yanakuwa na chumvichumvi, kwa hiyo kuosha ni lazima.

Na samadi ya mbuzi iliiva? Ikiwa ukiishika bado unaona vile vigololi basi haijaiva.

---

korosho_mbichi

Vigololi vipo 🙈

---

mwana_wa_plato (Newala)

Naomba nichangie kutoka huku juu maana kwetu ni tofauti kidogo na nyie wa pwani. Kuna mwaka nilisia mwezi wa sita, huku ukungu unaingia mpaka sebuleni asubuhi na baridi ya kuvaa koti, trei za hoho zikakaa wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, nikajua nimeuziwa mbegu mbovu, nikaenda nikagombana na muuzaji mbele za watu. Kurudi nyumbani nikafukua na kijiti, mbegu zimepasuka zimetoa kimkia halafu zimeoza humohumo ndani, nyororo kama uji. Kinyausi hichohicho kumbe kinaweza kuua kabla mche haujatoka. Udongo wa baridi na maji mengi, mbegu inachelewa, ikichelewa wanaikuta. Ilibidi nirudi kumuomba yule muuzaji radhi, hakunipunguzia bei mpaka leo.

Siku hizi naweka trei juu ya friji mpaka zitoe vichwa, pale kwa nyuma panatoka joto kidogo, halafu naishusha dirishani. Na maji huku tunanunua kwa ndoo kwa hiyo hakuna mtu anamwagilia mara mbili kwa siku, labda hiyo ndo kinga yetu hahaha.

---

nahodha_mstaafu

Mara ya kwanza nasikia shida ya maji Newala ina faida.

---

korosho_mbichi

Wakuu narudi. Nimenunua kile kipima joto na unyevu cha kidijitali kidogo kama saa ya mezani, nimekiweka katikati ya trei. Nimechanganyikiwa. Saa 8 mchana kinasoma nyuzi 33 na unyevu asilimia 55, nikafurahi. Saa 11 alfajiri nimeamka kuswali nikachungulia, nyuzi 25 na unyevu 88! Sijamwagilia, mvua haikunyesha, unyevu umetoka wapi usiku?

---

bwanashamba_mstaafu

Haujatoka popote. Maji yaliyomo hewani ni karibu yaleyale ya mchana. Hewa ya joto ina mfuko mkubwa, inabeba mvuke mwingi na bado unaona nafasi imebaki, kwa hiyo kipima kinasema 55. Usiku hewa inapoa, mfuko unasinyaa, mvuke uleule sasa umeujaza karibu wote, kipima kinasema 88. Ukipoa zaidi ndo unaona matone kwenye plastiki, kwenye bati na kwenye majani. Umande wa asubuhi ndo huohuo.

Kwa hiyo adui yako hayuko mchana. Mchana joto la bati linakusaidia kukausha. Vita yako ni kuanzia saa 4 usiku mpaka saa 1 asubuhi, na ndo wakati ambao wewe ulikuwa umemwagilia jioni, umefunika, umefunga dirisha, ukalala. Maji yamwagwe asubuhi tu, trei iingie usiku ikiwa juu pamekauka. Hilo peke yake bila kununua kitu lingekuokolea nusu ya miche.

Ukiweza kukaa kati ya 50 na 70 kwa miche iliyokwisha kuota ni vizuri, ila pwani yetu masika usiku hutaipata namba hiyo hata ufanyeje, usijitese na kipima. Hapo ndo unapohitaji hewa itembee, maana jani linalopitiwa na upepo kwenye unyevu wa 85 liko salama kuliko lililotulia kwenye 75.

---

fundi_feni_Ligula

Kwenye mambo ya upepo nipo mimi. Mi sio mkulima ila mama watoto analima hoho za kwenye ndoo, tumejaribu vingi.

Pangaboi usitegemee, linasukuma hewa chini kwa nguvu katikati ya chumba tu na pembeni kunatulia, na kama stoo haina dari hata pa kulifunga hakuna. Feni ya kusimama ukiielekeza moja kwa moja kwenye miche unaikausha upande mmoja na mingine inapinda, tulifanya hivyo, trei ikawa kama imechanwa nywele. Sisi tunaigeuzia ukutani, upepo unagonga ukuta unarudi umelegea. Kipimo chetu ni uzi wa kushonea, unafunga kwenye kijiti unausimamisha katikati ya trei, uzi ukitulia wima hewa imekufa, ukilala kabisa kama bendera upepo umezidi, ukiwa unachezacheza na majani yanatetemeka kidogo tu, hapohapo acha. Kile kifeni kidogo cha kuchaji cha waya wa simu kinatosha trei mbili, tena kinaenda na pawabenki umeme ukikatika, na unajua unavyokatika usiku wa mvua ndo muda wenyewe unaoutaka.

Halafu feni ndani ya chumba kilichofungwa inazungusha tu unyevu uleule kama kijiko kwenye chai. Lazima itoke na iingie. Angalia wavu wako wa dirisha, ule wa mbu ukijaa vumbi na moshi unakuwa kama kitambaa, mi nilipiga brashi wa kwetu nikashangaa pazia limeanza kucheza. Na kwa kuwa huna dari, pale juu ukuta unapokutana na bati kama pako wazi usipazibe, hewa ya moto inapandia hapo. Acha mlango wazi kidogo chini, baridi iingie, moto utoke juu, bure kabisa.

---

dada_wa_bilinganya (Mtwara)

Samahani naingilia, mi yangu hainyauki ila imerefuka kama tambi, inainama yote kuelekea dirishani, hiyo nayo ni unyevu?

---

MamaMiche_Lindi

Hapana dada yangu, huo ni mwanga mdogo. Mche unakimbilia dirishani kutafuta jua, unarefuka shina bila nyama. Ila vinahusiana, shina la tambi ndo rahisi kwa kinyausi, na miche mirefu iliyosongamana hewa haipiti katikati yake. Kama umesia mbili tatu kwenye tundu moja, kata na mkasi ubaki mmoja, using'oe maana unatikisa mizizi ya mwenzake. Geuza trei kila siku. Kama unaweza weka taa ya LED nyeupe ya kawaida, ining'inie karibu, kama shubiri moja juu ya majani, iwake masaa 14 hivi halafu izimwe, nayo inataka kulala. Au zitoe nje kibarazani asubuhi saa 1 mpaka saa 4, jua bado la upole, upepo wa bure, kuku mtu akae na fimbo.

---

piga_dawa_tu

Na majivu je? Bibi yangu alikuwa anamwaga majivu tu na miche yake ilipona.

---

MamaMiche_Lindi

Bibi yako alikuwa na kitalu nje kwenye upepo, kilichoinuliwa, chini ya paa la makuti yanayopitisha hewa, na alimwagilia mara moja. Majivu yalikuwa yanakausha pale juu, basi. Ukinyunyiza kidogo sana kama unatia chumvi kwenye yai sio mbaya, ukijaza udongo unakuwa mkali miche inageuka njano. Yasikutoe kwenye kazi yenyewe.

---

korosho_mbichi

Wiki tatu zimepita, nadaiwa mrejesho.

Nimeanza upya. Trei nimeziosha na sabuni kwanza halafu nimezilaza kwenye beseni la jiki, kikombe kimoja kwa vikombe tisa vya maji, nusu saa, nikasuuza nikaanika juani. Udongo mchanga uleule ila safari hii nimeuweka kwenye debe juu ya mafiga, kidogo kidogo, maji kidogo chini, nikafunika na gunia, mvuke ukapita ndani yake kama nusu saa tangu ulipopata moto vizuri. Jirani akaniuliza napika nini, nikamwambia udongo, akaingia ndani kwake akafunga mlango. Samadi nimeacha kabisa, nimetumia mboji ya majani iliyokaa tangu mwaka juzi, na makumbi nimeosha mara nne, nimeonja, hayana chumvi ila sirudii kuonja.

Kumwagilia nimeacha kupuliza juu. Naweka trei kwenye beseni lenye maji ya kimo cha vidole viwili, inakunywa kwa chini, dakika kama 20 nikiona juu panaanza kubadilika rangi natoa naiegemeza ichuruzike, baada ya hapo narudi baada ya siku mbili, wakati mwingine tatu. Nimejifunza kuinua trei kwa mkono mmoja, ikiwa nyepesi ndo nanywesha, mwanzo nilikuwa natumia kidole nikawa nafukua mbegu. Feni ndogo inatazama ukuta, uzi wangu unacheza, mtoto wangu anauita bendera ya mchwa. Kipima alfajiri bado kinasoma 86, 87, nimeacha kukiangalia maana kinanipandisha presha.

Nyanya matundu 200, zimeota 183, mpaka leo zimelala 4, zote kona moja ambayo bati linavuja na nilikuwa sijui mpaka nikaona tone linadondoka hapohapo. Nimesogeza meza. Mashina mafupi yana vinyweleo na yana kazambarau flani chini.

Hoho ndo kwanza zinatoka, siku ya 11. Papai sijui, kimya kabisa, siku ya 16 leo, nimefukua moja na kijiti kama wa Newala, bado ngumu haijapasuka. Nisubiri au nimwage?

---

bwanashamba_mstaafu

Hongera kijana wangu. Papai subiri. Uliziosha ule ute kabla ya kusia? Ule utando wa maji unaoizunguka mbegu unazuia kuota, inatakiwa usuguliwe kwenye kitambaa utoke, ndo uanike kivulini. Hata ukifanya vizuri wiki mbili tatu ni kawaida, nyingine nne. Na nyanya usizihamishe moja kwa moja kutoka stoo kwenda shamba, anza kuzitoa nje saa moja kwa siku, uongeze kila siku kwa wiki nzima mpaka siku kumi, maji ukipunguza, ndo uzipande jioni.

---

korosho_mbichi

Ute sikuosha mzee. Nilizitoa kwenye papai nikazimwaga humo humo na maji yake.

---

nahodha_mstaafu

Huyu kijana nampenda kwa ukweli wake.

---

dada_wa_bilinganya

Kaka hizo nyanya 179 zote za shamba lako au unauza? Niko Shangani, nahitaji kama 40, nitakuja na ndoo yangu.

---

korosho_mbichi

Karibu dada, njoo wiki ijayo zikishazoea jua. Ndoo usilete, leta boksi lililo wazi juu, zisije zikafungiwa tena.